Ligi ya mbio za magari mtandaoni: namna ya kuchagua gari na kupanga msimu usiofia njiani

Wiki chache zilizopita, kwenye kipindi chetu cha vijana cha jioni, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe wa sauti. Yeye na wenzake saba walianzisha ligi ya mbio za magari za kwenye kompyuta. Kila mmoja alichanga shilingi 10,000 kwa ajili ya zawadi ya bingwa, na wakapanga raundi kumi na mbili. Ligi ikafia raundi ya nne. Wawili walilalamika kwamba mwenzao amechagua gari lenye kasi kuliko yote. Mmoja alikatikiwa umeme mara mbili, akaona hana tena nafasi, akaacha kuja. Sasa mweka hazina anadaiwa shilingi 80,000 na watu ambao mwezi uliopita walikuwa marafiki zake.

Swali lake lilikuwa fupi: tulikosea wapi?

Hewani tulimjibu kwa dakika tatu tu. Wasikilizaji wengine wakaomba maelezo marefu zaidi, wakiwemo wasio na kompyuta lakini wanacheza gemu za magari kwenye simu. Haya hapa.

Mbio hizi ni zipi?

Gemu nyingi za magari kwenye simu zimetengenezwa kwa burudani ya haraka. Ukigonga ukuta unaendelea, na ukikata kona vibaya gari linajinyoosha lenyewe. Mbio tunazozizungumzia hapa ni za aina nyingine. Programu yake hujaribu kuiga gari halisi: uzito, matairi yanavyopata joto na kuisha, mafuta yanavyopungua, na breki zinavyoshika au kuteleza. Wachezaji wengi hutumia usukani unaofungwa mezani pamoja na pedeli za mguuni. Usukani huo una mota ndani, hivyo dereva huhisi mkononi gari linapoanza kuteleza.

Programu zinazotajwa sana ni iRacing ya Marekani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Assetto Corsa ya kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia, iliyotoka mwaka 2014, na ndugu yake Assetto Corsa Competizione ya mwaka 2019. Na kwa upande wa PlayStation, Gran Turismo ya Japani, ambayo ilianza mwaka 1997. Viwanja vingi vya mbio vilivyomo ndani vimepimwa kwa mwanga wa leza, kiasi kwamba hata tuta dogo la barabarani utalikuta mahali pake.

Asiyezijua mbio hizi anaweza kusema ni mchezo wa watoto. Lakini Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza, alishinda mwaka 2011 shindano lililowatafuta madereva kutoka kwa wachezaji wa Gran Turismo. Mwaka 2013 alikuwa kwenye gari halisi katika mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, na timu yake ikamaliza ya tatu katika daraja lake.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha mbio halisi, madereva wakubwa walihamia kwenye kompyuta. Hapo ndipo dunia ilipoona kwamba ligi ya mtandaoni bila taratibu inaweza kumharibia mtu maisha. Daniel Abt, dereva Mjerumani wa magari ya umeme ya Formula E, aligundulika kuwa alimweka mtu mwingine ashindane badala yake. Aliondolewa kwenye matokeo, akatozwa euro 10,000 kwa ajili ya hisani, na timu yake ikaachana naye. Huko Marekani, Bubba Wallace wa NASCAR alikasirika baada ya kugongwa, akazima mchezo katikati ya mbio. Mdhamini wake mmoja akajitoa.

Kama wenye mishahara na mawakili wanafikishana huko, vijana wanane wenye shilingi 80,000 kwenye simu ya mweka hazina nao wanahitaji utaratibu.

Anzeni na hali yenu, gari lije baadaye

Kosa la kwanza la ligi nyingi ni kuanza na swali la "tuendeshe gari gani?" Kabla ya hapo kuna swali jingine: mazingira yetu yanaruhusu mbio za aina gani?

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni mbio za pamoja, ambapo magari yote yako uwanjani kwa wakati mmoja. Ya pili ni mbio za kupambana na saa, kama rali, ambapo kila dereva hukimbia peke yake na muda wake unaandikwa.

Mbio za pamoja zinahitaji mawasiliano ya haraka na ya uhakika. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kuna wingi wa data, yaani bando, na kuna muda ambao taarifa hutumia kutoka kwenye mashine yako hadi kwenye seva na kurudi. Mbio zenyewe hazili bando kubwa ukilinganisha na kutazama video. Linalokula bando ni kupakua programu na masasisho yake. Tatizo la mbio za pamoja ni ule muda wa taarifa kwenda na kurudi.

Tufanye hesabu. Gari likienda kilomita 180 kwa saa, linakata mita 50 kila sekunde. Taarifa ikichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari hilo limeshasogea mita 5, ambazo ni zaidi ya urefu wa gari dogo zima. Programu hujaribu kukisia gari la mwenzako liko wapi, na mara nyingi hupatia. Lakini mtandao ukiyumba, gari linaruka huku na kule, mnagongana bila kugusana, na ugomvi unaanza. Kila mmoja anaapa kwamba hakumgonga mwenzake, na kwenye skrini zao wote wawili wanasema kweli.

Hata wenye uwezo mkubwa hukumbwa na hili. Januari 2023, katika mbio za mtandaoni za saa 24 za Le Mans, Max Verstappen, bingwa wa dunia wa Formula 1, alikuwa anaongoza mawasiliano yalipokatika. Aliporudi alikuwa nyuma sana, na timu yake ikajitoa.

Rali haina shida hiyo. Hakuna gari la mwenzako barabarani, kwa hiyo ucheleweshaji haumgongi mtu. Gemu ya EA Sports WRC ya mwaka 2023, na kabla yake DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019, zina sehemu ya klabu: mwandaaji anachagua daraja la magari na hatua za rali, anaweka muda wa siku kadhaa, na kila mwanachama anakimbia saa anayopata nafasi. Umeme ukikatika Jumatano, unakimbia Alhamisi.

Tena kwa watu wa Afrika Mashariki, rali ni mchezo wa nyumbani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 2021 ilirudi kwenye mashindano ya dunia, ikiwa na makao yake Naivasha, na barabara za vumbi za Kenya zimo ndani ya EA Sports WRC.

Kwa hiyo, kama wanachama wenu wako vijiji tofauti, umeme ni wa kubahatisha na intaneti ni ya simu, ushauri wangu ni rali. Kama wote mko mjini, au mnakusanyika ukumbi mmoja wenye mashine kadhaa, mbio za pamoja zinawezekana.

Kuchagua gari: maswali manne

Baada ya hapo, gari. Ligi ikiwapigia wanachama kura bila maelezo, wengi huchagua gari lenye kasi kubwa au jina kubwa. Wiki mbili baadaye nusu yao wanashindwa kulituliza barabarani, wanamaliza wa mwisho kila mara, na wanatoweka. Kabla ya kupiga kura, jiulizeni maswali manne.

Swali la kwanza: dereva dhaifu kuliko wote katika kundi letu anaweza kumaliza mizunguko kumi bila kuanguka? Gari la ligi lichaguliwe kwa kumtazama huyo. Bingwa atafurahia gari lolote, ila huyo wa mwisho ndiye atakayeamua kama mtakuwa wanane au watatu mwisho wa msimu.

Gari linalopendwa sana kwa wanaoanza ni Mazda MX-5. Ni gari dogo, jepesi, lisilo na nguvu nyingi. Kwa sababu halina nguvu nyingi, hata dereva wa kawaida anaweza kujificha nyuma ya gari la mbele, akakwepa upepo, kisha akatoka pembeni na kupita. Mbio zake huwa za kubanana hadi mstari wa mwisho. Magari ya mtindo wa Formula yana kasi kubwa na matairi yaliyo wazi. Ukigusana kidogo tu, mbawa ya mbele inavunjika na mbio zako zimeisha.

Swali la pili: tunataka gari moja kwa wote, au magari tofauti ya daraja moja? Gari moja kwa wote linamaliza malalamiko ya kasi siku ya kwanza. Ukishindwa, umeshindwa na dereva. Magari tofauti yana mvuto wake, kwa sababu kila mtu ana timu anayoipenda, lakini yanahitaji kusawazishwa.

Daraja maarufu la namna hii ni GT3, lililoanza katika mbio halisi mwaka 2006. Humo mna Porsche yenye injini nyuma, Ferrari yenye injini katikati na Mercedes yenye injini mbele. Magari haya hayafanani kwa asili, kwa hiyo wasimamizi huyasawazisha: lenye kasi linaongezewa kilo au linapunguziwa nguvu ya injini. Assetto Corsa Competizione imejengwa kwa daraja hili, na tayari ina usawazishaji huo ndani yake.

Hata hivyo usawazishaji haufanyi magari yawe sawa kila mahali. Gari moja litakuwa zuri kwenye mnyoofu mrefu wa Monza, jingine kwenye kona za kubana. Ndiyo maana ligi ya GT3 inahitaji kanuni moja ya lazima: gari unalochagua raundi ya kwanza utabaki nalo msimu mzima, au unaruhusiwa kubadili mara moja tu. Bila kanuni hii, kila raundi watu watakimbilia gari la uwanja huo. Kwa maelezo ya msikilizaji wetu, hapo ndipo ugomvi wao wa kwanza ulipotokea. Walikuwa na magari tofauti, hawakuwa na usawazishaji, na hawakuwa na kanuni ya kubadili.

Kuna njia nyingine ya kusawazisha: kumwongezea kilo aliyeshinda. Mashindano ya Super GT ya Japani yanafanya hivyo, kilo zinaongezeka kadiri pointi zinavyoongezeka. Kwa ligi ndogo njia hii inasaidia, mradi iandikwe kabla ya raundi ya kwanza. Ukiileta katikati ya msimu, anayeongoza ataona mmemwonea, na atakuwa na haki.

Swali la tatu: dereva ataruhusiwa kurekebisha gari? Programu hizi zinaruhusu kubadili upepo wa matairi, ugumu wa springi, breki na mengine mengi. Anayejua kurekebisha anaweza kumwacha mwenzake bila kuendesha vizuri zaidi yake. Kwa ligi ya wanaoanza, wote watumie marekebisho yale yale. Ruhusa ya kurekebisha iache msimu wa pili.

Swali la nne: gharama. Hili linastahili sehemu yake.

Hesabu ya mfukoni

Programu hutofautiana namna zinavyolipiwa. Assetto Corsa na Competizione unanunua mara moja, na magari na viwanja vingi vimo ndani. iRacing unalipia kila mwezi, halafu magari na viwanja vingi unanunua kimoja kimoja. Bei zake za miaka ya karibuni ni karibu dola 13 kwa mwezi, karibu dola 12 kwa gari, na kati ya dola 12 na 15 kwa uwanja. Ukinunua vingi kwa pamoja unapata punguzo.

Tuseme mnapanga msimu wa miezi mitatu na raundi nane. Ligi ya kwanza inachagua gari la kulipia na viwanja nane vya kulipia vya dola 15. Miezi mitatu ni dola 39, gari ni dola 12, viwanja ni dola 120. Jumla ni dola 171 kwa kila dereva. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni shilingi 427,500.

Ligi ya pili inachagua Mazda MX-5, ambayo inakuja na uanachama, na viwanja vinavyokuja na uanachama vilevile, kama Lime Rock, Summit Point na Laguna Seca vya Marekani na Okayama cha Japani. Gharama ni dola 39 tu, yaani shilingi 97,500. Tofauti ni shilingi 330,000 kwa dereva mmoja, na mbio zao zina utamu ule ule.

Kwa hiyo mwandaaji asitangaze kalenda kabla ya kupiga hesabu hii na kuiweka wazi kwa wote. Kijana akigundua raundi ya tano kwamba lazima anunue uwanja mwingine, hatasema hana hela. Atasema ana udhuru, na hamtamwona tena.

Kupanga kalenda

Raundi kumi na mbili ni nyingi kwa kundi la watu wanane. iRacing yenyewe huendesha misimu ya wiki kumi na mbili, lakini ina maelfu ya watu: akitoka mmoja anaingia mwingine. Kundi dogo halina akiba hiyo. Raundi sita hadi nane zinatosha. Mkiendesha kila baada ya wiki mbili, raundi nane zinachukua kama miezi mitatu na nusu.

Chukueni kalenda ya ukutani, muweke alama kwanza kwenye siku ambazo haziwezekani. Mwezi wa Ramadhani na usiku wa sikukuu. Msimu wa kupanda na wa kuvuna, kama wanachama wenu ni watu wa shamba. Novemba, kama mna wanaofanya mtihani wa kidato cha nne. Usiku wa mechi kubwa za mpira, kwa sababu hakuna atakayekuja. Siku zinazobaki ndizo za mbio. Ukifanya kinyume, yaani ukipanga mbio kwanza na kutafuta visingizio baadaye, utakuwa unaahirisha kila wiki, na raundi ikiahirishwa mara mbili watu huacha kuiamini kalenda.

Pia epukeni kupanga mbio siku ambayo programu imetangaziwa sasisho kubwa. Mwenzenu wa kijijini hawezi kupakua mzigo huo kwa saa moja kabla ya mbio. Mpeni angalau siku tatu.

Wanaoshindana na ndugu zao walioko Ulaya wana jambo moja zaidi la kuangalia: saa. Wenzetu wa Ulaya hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mbio zikipangwa saa mbili usiku za London, wakati wa kiangazi chao kwetu ni saa nne usiku, lakini wakati wa baridi ni saa tano usiku. Andikeni ratiba kwa saa za Afrika Mashariki, na wao ndio wafanye hesabu.

Viwanja navyo vina mpangilio. Raundi ya kwanza iwe uwanja rahisi ambao wengi wanaujua, ili watu wapate matumaini. Uwanja mgumu uwekwe katikati. Lime Rock una urefu wa kama kilomita 2.4, hivyo unaujifunza jioni moja. Spa wa Ubelgiji una kilomita 7, na ule wa kale wa Nürburgring nchini Ujerumani una karibu kilomita 21, ambao watu hujifunza kwa miezi. Gari lenye nguvu ndogo lisipelekwe kwenye uwanja wenye minyoofu mirefu mitupu kila raundi. Litachosha.

Kwa usiku wa mbio, ratiba inayofanya kazi ni hii: dakika 30 za mazoezi, dakika 15 za kupanga nafasi za kuanzia, kisha mbio mbili fupi za dakika 20 kila moja. Mbio ya pili iwapange madereva kinyume na walivyomaliza ya kwanza. Wa mwisho anaanza mbele, na aliyepata ajali mapema bado ana mbio nyingine ya kukimbia usiku huo huo.

Pointi, na dawa ya umeme kukatika

Ligi nyingi hutumia pointi za Formula 1: wa kwanza 25, wa pili 18, wa tatu 15, kisha 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Hakuna ubaya, lakini tazameni kinachotokea umeme ukikatika.

Tuseme Asha na Baraka wanawania ubingwa, na raundi zina mbio moja moja. Raundi ya pili umeme wa kwao Asha unakatika. Anapata sifuri, Baraka anashinda na kupata 25. Kuanzia hapo Asha anashinda kila raundi na Baraka anakuwa wa pili kila raundi. Kila mara Asha anarudisha pointi 7. Baada ya raundi tatu amerudisha 21, bado yuko nyuma. Mpaka raundi ya nne ndipo anafikisha 28 na kumpita. Kukatika umeme mara moja kumemgharimu ushindi wa raundi nne mfululizo. Mara mbili, na msimu wa raundi nane umekwisha kwake.

Wengine hudhani dawa ni kupunguza tofauti kati ya wa kwanza na wa pili. Hesabu inakataa. Mkimpa wa kwanza 10 na wa pili 8, Asha anapoteza 10 na kurudisha 2 kila raundi. Sasa raundi nne hazimtoshi, anahitaji tano ili afike sawa tu.

Dawa ni kufuta matokeo mabaya. Katika raundi nane, kila dereva anahesabiwa raundi zake sita bora. Mbili mbaya kuliko zote zinatupwa. Aliyekatikiwa umeme mara mbili bado yuko kwenye mbio za ubingwa hadi usiku wa mwisho. Kama yule mwenzao aliyeacha kuja angekuwa na kanuni hii, angekuwa na sababu ya kurudi raundi ya tano.

Jambo moja tu la kuzuia: matokeo ya aliyefukuzwa kwa uchafu yasifutwe. Umeme ni bahati mbaya, lakini kumgonga mwenzako kwa makusudi ni uamuzi.

Waamuzi na hasira

iRacing huhesabu makosa yenyewe: kutoka nje ya barabara ni alama moja, kupoteza udhibiti wa gari ni mbili, na kugongana vibaya na gari jingine ni nne. Kompyuta haitazami nani mwenye kosa. Inawahesabia wote. Kwa hiyo bado mnahitaji watu wa kuamua.

Chagueni waamuzi watatu, na anayehusika katika shauri akae pembeni. Mbio zirekodiwe. Malalamiko yasipokelewe usiku wa mbio. Yaandikwe kesho yake, yakitaja mzunguko na kona, na waamuzi watazame marudio kabla ya kujibu. Hasira hasara, wazee walisema, na ujumbe wa sauti wa saa sita usiku kwenye kundi la WhatsApp umevunja ligi nyingi kuliko ajali za kona ya kwanza.

Zile shilingi 80,000

Mchango ni mali ya watu, kwa hiyo uandikiwe kabla haujakusanywa. Mambo manne yanatosha kwenye karatasi moja: nani anashika fedha, nani wa pili anayeona salio, bingwa na wanaofuata wanapata kiasi gani, na ligi ikivunjika kabla ya mwisho fedha zinarudi vipi. Wote wasaini, picha ya karatasi iwekwe kwenye kundi.

Kwa wale wanane wa msikilizaji wetu, karatasi haikuwepo. Ushauri wangu ni mweka hazina arudishe kwa kila mmoja 10,000 yake, mbele ya wote, kabla ya mazungumzo ya msimu mpya. Fedha zikirudi, maneno ya nani alikuwa na gari gani yatapungua ukali.

Mwenye simu tu naye?

Naye yumo. Kanuni hizi zinafaa hata kwa gemu ya simu, na zile za kupambana na saa ndizo zinafaa zaidi. Chagueni gari moja na uwanja mmoja kwa wiki. Kila mmoja ajaribu mara anazotaka kati ya Jumatatu na Jumamosi, kisha arekodi skrini ya mzunguko wake bora na kuutuma kwenye kundi. Hakuna seva, hakuna kuchelewa, na aliye mbali na mnara anatuma akifika penye mtandao.

Tahadhari moja: gemu nyingi za simu zinauza nguvu za gari kwa pesa halisi. Mwenye pesa anaongeza injini na kuwaacha wenzake. Kwa hiyo andikeni kanuni kwamba gari liwe la kiwango kile kile, bila nyongeza za kununua. Video ianze kwa kuonyesha gari na kiwango chake. Bila hivyo mtakuwa mnashindanisha pochi.

Turudi kwenye swali

Kijana wetu aliuliza walikosea wapi. Hawakukosea kuwa na ndoto. Walichagua magari kabla ya kutazama umeme wao, wakapanga raundi nyingi kuliko watu wao, na wakakusanya fedha kabla ya kuandika kanuni. Yote matatu yanarekebishika. Wakae wanane, warudishiane fedha, wachague gari moja au rali, raundi sita au nane, na mbili mbaya zifutwe.

Alitupigia tena juzi. Alisema wamekubaliana kukutana Jumapili baada ya ibada, na yule aliyekatikiwa umeme amekubali kuja. Wakianza msimu wao mpya, tumemwahidi kutangaza matokeo ya kila raundi kwenye kipindi cha jioni. Nawe kama mna ligi yenu, ya kompyuta au ya simu, tutumieni matokeo kwa namba ya ujumbe ya studio. Tutayasoma hewani, pamoja na ya yule aliyemaliza wa mwisho.